Unachomlisha samaki bwawani, mwanao atakikuta sahanini

Mzazi mwenye bwawa la samaki pale Kitai ana mengi ya kuangalia. Maji yasipungue, ndege wasimalize vifaranga, jirani wa juu asiuchepushe mfereji. Ndoo ya chakula mara nyingi huangaliwa mwisho. Pumba ikiwapo na dagaa wa kuchanganya wakipatikana, kazi inaonekana imekwisha.

Lakini afya ya samaki inaanzia katika ndoo hiyo. Baada ya miezi sita au minane, afya ya mtoto atakayemla samaki huyo nayo inahusika.

Wiki hii tuangalie jambo ambalo wafugaji wengi wa majumbani hawalifikirii kwa sababu halionekani kwa macho: metali nzito katika chakula cha samaki. Haziozi wala haziui samaki wote kwa siku moja ili mwenye bwawa ashtuke. Huingia kidogo kidogo na kukaa, na samaki anayezibeba anaweza kuonekana mzima kabisa siku anapovuliwa.

Metali nzito ni zipi?

Zinazotajwa zaidi ni risasi, zebaki, kadmi na aseniki. Wataalamu wengine huziita madini tembo. Hizi nne hazina kazi yoyote inayojulikana katika mwili wa samaki wala wa binadamu. Zikiingia, ni mzigo tu.

Kuna nyingine mbili ambazo mwili unazihitaji, shaba na zinki. Sato anahitaji miligramu chache tu za shaba katika kila kilo ya chakula, na zinki kiasi cha miligramu 20 hadi 30. Zikipungua, anadumaa. Zikizidi sana, zinageuka sumu. Ni kama chumvi kwenye mboga: kijiko kimoja kinaleta ladha, kikombe kizima kinaharibu sufuria yote.

Mzazi ashike hesabu moja hapa. Sato anayelishwa chakula kizuri hula takriban kilo moja na nusu hadi mbili ili aongeze kilo moja ya uzito. Akilishwa pumba tupu, hula zaidi ya hapo. Kwa hiyo nyuma ya kila kilo ya samaki kuna kilo moja na nusu au zaidi za chakula zilizopita tumboni mwake. Wanga na mafuta huchomwa na mwili, na mabaki hutoka. Sehemu ya metali hubaki.

Zinaingiaje kwenye ndoo?

Mbinga ni wilaya ya kahawa, na mkulima wa kahawa anajua dawa zenye shaba. Mrututu na dawa nyingine za jamii hiyo hupuliziwa kuzuia kutu ya majani na ugonjwa wa chulebuni. Shambani dawa hizo zina kazi yake. Tatizo linaanza nyumbani, pale pipa lililochanganyiwa dawa Jumatatu linaposuuzwa mara moja na Jumamosi likatumika kuchanganyia pumba ya samaki. Au pale bomba la kupulizia linapooshwa kwenye mfereji uleule unaopeleka maji bwawani.

Samaki ni dhaifu sana mbele ya shaba kuliko binadamu. Kiasi ambacho hakimdhuru mtu akinywa maji kinaweza kuunguza matamvua ya samaki, zile nyuzi nyekundu za kupumulia zilizo ndani ya mashavu. Katika maji laini, yasiyo na chokaa nyingi, shaba huwa kali zaidi.

Njia ya pili ni dagaa. Dagaa wabichi wana maji mengi mwilini, na hutakiwa kilo tatu hadi nne zao kupata kilo moja ya dagaa wakavu. Chochote kilichokuwa ndani yao hubaki kikiwa kimejikusanya. Kwa bahati nzuri, dagaa ni samaki wadogo wanaokula vijidudu vya majini na maisha yao ni mafupi, hivyo hawakusanyi zebaki nyingi kama samaki wakubwa wanaokula wenzao. Shida yao kubwa ni mahali walipoanikwa. Dagaa walioanikwa mchangani au kando ya barabara hubeba udongo, na udongo hubeba kila kilichodondoka pale. Walioanikwa juu ya chanja ni safi zaidi, iwe kwa ndoo ya samaki au kwa chungu cha nyumbani.

Njia ya tatu ni vumbi. Kitai ni njia panda. Hapo ndipo barabara ya kwenda Lituhi na mwambao wa Ziwa Nyasa inapoachana na ile ya Songea kwenda Mbinga, na malori ya makaa ya mawe kutoka Ngaka hupita ukanda huu. Makaa ya mawe kwa asili yake huwa na chembe za metali, ingawa kwa kiasi kidogo. Haina maana kwamba kila pumba iliyoanikwa barabarani ni sumu. Ila turubai la kuanikia pumba, mashudu na dagaa likitandazwa uani, mbali na magurudumu, halimgharimu mzazi hata senti.

Njia ya nne ni chakula kisicho cha samaki. Familia nyingi hufuga nguruwe na samaki pamoja, na chakula cha nguruwe kikibaki, huishia bwawani. Baadhi ya vyakula vya nguruwe vya kiwandani huongezewa shaba na zinki kwa wingi ili kuzuia kuhara na kuharakisha ukuaji. Nguruwe anavimudu. Sato hakutengenezewa hicho. Samadi ya nguruwe hao nayo hubeba shaba na zinki hiyohiyo, kwa sababu sehemu kubwa hupita tumboni bila kutumika. Anayerutubisha bwawa kwa samadi atumie ya ng'ombe, au ya nguruwe wanaokula mabaki ya jikoni na majani, na kwa kiasi.

Njia ya tano ni mimea yenyewe. Alizeti ni miongoni mwa mazao yanayofyonza kadmi kwa wepesi kutoka kwenye udongo. Mashudu yake ni chakula kizuri cha samaki na hakuna sababu ya kuyaacha, ili mradi alizeti haikulimwa kwenye udongo wenye taka za viwanda au za migodi. Azolla, yale majani madogo yanayoelea ambayo wafugaji wengi wameanza kuyaotesha, nayo hunyonya metali zilizomo kwenye maji. Ikioteshwa kwenye maji safi ni lishe. Ikioteshwa kwenye mtaro wa gereji inageuka sifongo la sumu.

Samaki anaumia vipi?

Metali iliyoingia na chakula hugusa kwanza utumbo. Kutoka hapo huenda kwenye ini na figo, viungo vinavyochuja damu. Mwili wa samaki haukai kimya. Hutengeneza protini maalumu ya kuikamata metali na kuifungia isizurure. Kazi hiyo inakula nguvu. Chakula ambacho kingejenga minofu kinatumika kupambana na sumu, na mfugaji anaona kitu kimoja tu: samaki wanakula lakini hawakui.

Kadmi hugombania nafasi na kalsiamu. Figo huharibika, mifupa hukosa uimara, na uzazi unapungua. Risasi hujilimbikiza kwenye mifupa na magamba na kushambulia damu na neva. Katika majaribio ya maabara, samaki aina ya trauti walioishi na risasi kwa muda mrefu walipata mkia mweusi na uti wa mgongo uliopinda. Zebaki hulenga ubongo, na samaki mwenye zebaki nyingi huchelewa kukimbia hatari na huzaa vibaya. Shaba ikizidi kwenye chakula, samaki hupoteza hamu ya kula na ini lake huharibika.

Jingine ni kinga. Samaki aliyechoshwa na metali hushikwa kirahisi na ukungu na bakteria. Mwenye bwawa anaona vidonda au pamba nyeupe ngozini, anakimbilia dukani kutafuta dawa ya vidonda. Wakati mwingine dawa anayouziwa ni mrututu, ambao ni shaba tena. Anaongeza moto kwenye nyumba inayoungua.

Kwa familia iliyopanga kuvua bwawa mwezi Desemba ili Januari ilipe ada na sare za shule, hasara hii ni ya kweli hata kama hakuna samaki aliyekufa. Sato 300 ambao wangefika gramu 250 kila mmoja ni kilo 75. Wakiishia gramu 150, ni kilo 45. Kilo 30 zimepotea bila mwizi kuonekana.

Somo la Geita

Tanzania ina mfano wake. Rwamagasa, mkoani Geita, wachimbaji wadogo wametumia zebaki kukamatia dhahabu kwa miaka mingi. Katika miaka ya 2000, watafiti wa Taasisi ya Jiolojia ya Uingereza walifanya vipimo huko chini ya mradi wa kimataifa wa zebaki wa UNIDO. Walipima udongo, maji, samaki na watu.

Matokeo yana mambo mawili ambayo mzazi yeyote anaweza kuyatumia. La kwanza, baadhi ya samaki waliovuliwa karibu na sehemu za kuchenjulia dhahabu walikuwa na zebaki iliyozidi viwango vinavyopendekezwa. La pili, samaki wa ghuba ya Nungwe, Ziwa Victoria, walikuwa na zebaki kidogo. Samaki wa mkoa mmoja hawalingani. Chakula chao na mahali walipokulia ndivyo vinavyowatofautisha.

Kusini nako kuna dhahabu. Wilayani Nyasa, eneo la Darpori, kuna wachimbaji wadogo. Mtu anayekamata kambare au kaa kwenye vijito vilivyo chini ya sehemu za kuchenjulia, akawakausha na kuwasaga kuwa chakula cha samaki, anahamisha tatizo la mgodi kulipeleka bwawani. Tope na mchanga wa marudio ya dhahabu visitumike kujengea kingo za bwawa.

Dunia ilijifunza habari ya zebaki na samaki kwa gharama kubwa. Mwaka 1956, katika mji wa Minamata nchini Japani, madaktari waliripoti ugonjwa wa ajabu wa neva. Paka walikuwa wakitapatapa kama wanaocheza ngoma, na watoto walizaliwa na ulemavu. Chanzo kilikuwa zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda. Iliingia kwa samaki, samaki wakaingia majumbani. Baadhi ya akina mama waliowazaa watoto hao hawakuwa na dalili kubwa wenyewe. Zebaki ya aina hiyo hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, umepewa jina la mji huo, na Tanzania ni mwanachama.

Mashine ya kusaga

Kuna kisa kingine cha Afrika ambacho kila mwenye mashine ya kusaga anapaswa kukijua. Mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara, kaskazini mwa Nigeria, watoto wasiopungua 400 walifariki kwa sumu ya risasi. Mawe ya dhahabu ya eneo hilo yalikuwa na risasi nyingi. Watu waliyasaga majumbani, na mashine zilizotumika zilikuwa zilezile za kusagia nafaka. Vumbi lilienea uani, kwenye nguo na kwenye chakula.

Funzo ni fupi. Mashine iliyowahi kusaga mawe haisagi tena mahindi, wala dagaa, wala pumba ya samaki. Kuipitishia magunzi mara mbili hakuisafishi. Anayepeleka mzigo wake mashineni ana haki ya kuuliza.

Sahani ya mtoto

Watoto wadogo hawafanani na watu wazima mbele ya risasi. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa mtoto hufyonza risasi mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima kutoka kwenye kiasi kilekile alichomeza. Linasisitiza pia kuwa hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Athari yake kubwa ni kwenye ubongo unaokua: uelewa, umakini darasani, tabia. Haionekani kama homa. Huonekana miaka baadaye, mwalimu anaposema mtoto huyu ni mzito kuelewa.

Kwa sababu hiyo viwango vya kimataifa vya chakula vimeweka ukomo wa miligramu 0.3 za risasi kwa kilo ya samaki. Ni kiasi kidogo mno, ambacho hakuna ulimi unaoweza kukionja wala pua inayoweza kukinusa.

Je, mzazi aache kumpa mtoto samaki? Hapana. Hapo ndipo hofu inaweza kufanya madhara kuliko metali yenyewe. Ruvuma inavuna mahindi mengi, lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 uliikuta na asilimia 35.6 ya watoto chini ya miaka mitano wenye udumavu, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Ugali upo, kinachopungua sahanini ni vyakula vinavyojenga mwili. Samaki, dagaa na perege ni protini nzuri iliyo karibu na nyumbani.

Tena kuna jambo la kutia moyo. Mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma na kalsiamu hufyonza risasi nyingi zaidi. Mtoto aliyelishwa vizuri ana ngao. Maharage, mboga za majani, maziwa na dagaa safi ni sehemu ya kinga hiyo.

Jikoni, mambo machache yanasaidia. Kupika, kukaanga au kubanika hakuondoi metali, kwa sababu moto hauziui. Lakini risasi na kadmi hukaa zaidi kwenye ini, figo, matamvua na mifupa kuliko kwenye minofu. Kwa samaki ambaye asili yake haijulikani, mtoa matumbo atoe kila kitu, pamoja na matamvua, na mtoto mdogo apewe mnofu badala ya supu ya vichwa na matumbo. Zebaki ndiyo isiyotoka kwa kisu, kwa sababu hujishika kwenye mnofu wenyewe. Dawa yake ni kuchagua samaki. Mama mjamzito na mtoto mdogo wale zaidi dagaa na perege, na wapunguze samaki wakubwa wanaokula wenzao, hasa wanaotoka karibu na machimbo.

Dagaa huliwa mzima. Kwa hiyo wachambuliwe, mchanga ukung'utwe, waoshwe kwa maji zaidi ya mara moja.

Maswali ya kuuliza dukani

Mzazi anayenunua chakula cha samaki au dagaa wa kuchanganya haogopi kuuliza. Maswali yenyewe si ya kitaalamu:

"Kaka, dagaa hawa wametoka wapi?"

"Wa ziwani, dada, wamekuja juzi."

"Walianikwa chini au kwenye chanja?"

"Hawa wa chanja. Wale wa bei ya chini ndio wa mchangani."

"Na mfuko huu wa chakula, ni wa samaki au wa nguruwe?"

Mazungumzo ya dakika moja yanatosha. Muuzaji anayejua mzigo wake atajibu bila kukasirika. Kwa chakula cha kiwandani, mfuko uwe umefungwa, uwe na jina la mtengenezaji, aina ya samaki, tarehe, na orodha ya viambato. Chakula cha kupima kwa kopo kutoka kwenye gunia lisilo na maandishi ni bahati nasibu.

Uani kwenyewe, sheria za familia ziwe hizi:

Ndoo, pipa na kijiko vya chakula cha samaki viwe vya kazi hiyo tu. Kamwe visiwe vilivyobeba dawa ya kahawa, rangi, mafuta machafu ya gari au maji ya betri.

Chakula kisiwekwe chumba kimoja na dawa za shambani. Kama chumba ni kimoja, chakula kikae juu na dawa zikae chini, kwenye sanduku lililofungwa.

Bomba la kupulizia lisioshwe mferejini. Maji ya kusuuzia yamwagwe shambani, mbali na mfereji, kisima na bwawa.

Siku jirani wa juu anapopulizia kahawa, mlango wa maji wa bwawa ufungwe, na usifunguliwe hadi mvua za kwanza baada ya dawa zipite. Hapa panahitaji maelewano. Bwana shamba au mwenyekiti wa kitongoji anaweza kuwaketisha wenye kahawa na wenye mabwawa wapeane taarifa siku moja kabla.

Betri mbovu za gari na za sola zisivunjwe nyumbani, na risasi isiyeyushwe kwenye sufuria ya kupikia kwa ajili ya kutengeneza vizito vya nyavu. Watoto wasikae karibu na kazi hiyo kabisa.

Chokaa ya kilimo ikitumika vizuri wakati wa kuandaa bwawa hupunguza ukali wa shaba katika maji laini. Kipimo chake kiulizwe kwa afisa uvuvi, kwa sababu hutegemea udongo na maji ya mahali.

Samaki wakianza kufa

Hapa mzazi asiruke na kusema ni sumu. Samaki wanaohema juu ya maji alfajiri, wakatulia jua likipanda, mara nyingi wamekosa hewa. Chakula kilizidi, kikaoza, au maji yamekuwa ya kijani kupita kiasi. Dawa yake ni kuacha kulisha na kuingiza maji mapya. Sababu hii ndiyo inayoua samaki wengi wa majumbani kuliko nyingine.

Shaka ya sumu inakuja pale samaki wanapokufa mchana kweupe, wa kila ukubwa kwa pamoja, mara baada ya mvua, baada ya dawa kupuliziwa jirani, au baada ya kufungua mfuko mpya wa chakula. Shaka ya metali za polepole inakuja pale samaki wanapolishwa vizuri, maji ni mazuri, lakini hawakui, wanapinda migongo au wanaugua mara kwa mara msimu baada ya msimu.

Katika hali hizo mbili, ulishaji usimame. Samaki waliokufa wasiliwe, wasiuzwe, wasipewe mbwa wala nguruwe. Wachache wahifadhiwe kwenye barafu, pamoja na mfuko mdogo wa chakula kilichotumika na chupa safi ya maji ya bwawa. Afisa uvuvi wa halmashauri aitwe. Kituo cha ukuzaji viumbe maji cha Ruhila, Songea, kipo karibu kwa ushauri, na sampuli zinazohitaji kipimo cha metali zinaweza kupelekwa kupitia kwa wataalamu hao hadi maabara za Serikali, ikiwamo ya Mkemia Mkuu. Gharama ya kipimo inakuwa nyepesi wafugaji wa kijiji kimoja wanaotumia chakula kimoja wakichanga pamoja na kupeleka sampuli moja.

Kumbukumbu nazo zinasaidia. Daftari la shule lililobaki kurasa linatosha: tarehe, chakula kilinunuliwa wapi, kiasi gani, samaki waliopimwa walikuwa na gramu ngapi. Kazi hii anaweza kupewa mtoto wa darasa la tano au la sita. Atajifunza hesabu, na siku tatizo likitokea, familia itajua lilianza na gunia lipi.

Kesho asubuhi, kabla ya kwenda bwawani, mzazi aigeuze ndoo ya chakula na kuuliza nyumbani: hii ilikuwa ya nini kabla ya kuwa ya samaki? Kama hakuna anayekumbuka, inunuliwe nyingine mpya, na hiyo ya zamani ipewe kazi ya kubebea mchanga.